Orijino sio kinyume cha feki (kwa wanaonunua magita ya zamani)

Juzi tena. Jamaa kanitumia picha za Stratocaster (gita la umeme la kampuni ya Fender) anayotaka kununua, nyekundu, imechubuka vizuri pale mkono unapolalia, anasema muuzaji kamhakikishia ni ya 1965 na ni orijino kabisa. Nikamuuliza, pikapu ni zile zile ilizotoka nazo kiwandani? (Pikapu zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, sio gari.) Akaenda kuuliza, akarudi: hapana, zilibadilishwa ila zilizowekwa nazo ni orijino. Na rangi je? Ilipigwa upya, ila fundi alitumia rangi orijino. Hapo nikaweka simu chini nikanywa maji kwanza.

Kwa kifupi basi. Kwenye magita ya umeme ya zamani, tukisema gita ni orijino tunamaanisha kila kipande kilichopo juu yake leo ndicho kilichokuwepo siku linatoka kiwandani: mwili, shingo, rangi, pikapu, poti za sauti (vile vizungusho), swichi ya kuchagua pikapu, vigingi vya kukazia nyuzi, mpaka skrubu. Kikibadilika kimoja unakitaja, na neno "kabisa" unaliweka pembeni. Maana ndiyo hiyo tu, haina mengi, kilichonifanya niandike ni kingine.

Kilichonifanya niandike ni kwamba sisi orijino tumelijulia sokoni, na sokoni limekaa siku zote linatazamana na feki. Chaja ni orijino au ni feki, raba ni orijino au ni feki, hakuna ya tatu. Kwa chaja inatosha, nani ana muda wa kuuliza kama waya wa ndani ya chaja ulishabadilishwa. Ila neno lenyewe ukilifuata mpaka kwao, kwa Waingereza halafu kwa Walatini waliowapa, mzizi wake ni kitenzi cha kuchomoza, kama jua linavyochomoza asubuhi. Kwa hiyo linauliza kitu kilianzaje, kilivyokuwa pale mwanzo. Habari za feki tumeliongezea sisi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba shida hii tumeiazima, hatukuwa nayo. Tulikuwa na maneno mawili mazuri tu kutoka Kiarabu. Kuna halisi, kutoka khalis, kitu safi ambacho hakijachanganywa, ndiyo maana tunasema maziwa halisi, yaani hayajatiwa maji. Halafu kuna asili, kutoka asl, ambayo ni mzizi, shina, chimbuko. Unaona ni maswali mawili? La kwanza linauliza hiki kitu ni kweli ndicho kinachosemwa au ni cha kuigiza. La pili linauliza kimebaki na vyake vya mwanzo kiasi gani. Tukaja tukayatia yote kwenye mfuko mmoja tukauandika orijino, na sasa muuzaji anajibu swali la kwanza wakati mnunuaji anadhani amejibiwa la pili, na wala hakuna aliyedanganya.

Gita la jamaa yangu, kwa mfano, linaweza kuwa halisi kabisa. Limetengenezwa na Fender, Marekani, mwaka ule ule wa 1965 ambao kampuni ya CBS iliichukua Fender mwezi Januari, ndiyo maana wapenzi wa magita hupenda kugawa dunia kabla ya CBS na baada ya CBS. Ila rangi yake sio ya kiwandani na pikapu sio zake, kwa hiyo ni halisi lakini sio orijino. Na hilo sio tusi! Wapigaji wengi wanalitafuta gita la namna hiyo hasa, kwa sababu linalia vizuri na bei imeshuka, kupigwa rangi upya peke yake wauzaji wengi huhesabu linakata karibu nusu ya thamani. Shida ni pale unapolipa bei ya orijino ukapewa halisi.

Sasa kuna la tatu, nalo ndilo linalochanganya watu kuliko yote, ambapo kila kipande ni halisi na gita lenyewe halijawahi kuzaliwa. Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni, aliyatengeneza magita yake shingo ishikizwe mwilini kwa skrubu 4, sio kwa gundi, makusudi ili yatengenezeke haraka na shingo ikiharibika iwekwe nyingine. Ni akili kubwa sana ila ikafungua mlango, maana mtu mwenye bisibisi na subira anaweza kuchukua mwili wa 1964, shingo ya 1966, pikapu za gita la tatu na kile kibati cha nyuma chenye namba kutoka gita la nne, akakuuzia, na ukikagua kipande kimoja kimoja kila kimoja kinajibu ndiyo mimi ni wa Fender wa miaka ile. Ni kweli. Ila hivyo vipande vimekutana juzi kwenye meza ya mtu. Gita la kuungaunga. Muulize muuzaji kama ni orijino, atakuapia, na kiapo chake ni safi.

Ndiyo maana namba ya siriali, ambayo kila anayeanza anaikimbilia kwanza, kwa Fender za miaka ile ndiyo inayosema kidogo kuliko zote. Ipo kwenye kile kibati, na kibati kinatoka kwa skrubu hizo hizo 4. Isitoshe kiwandani vibati vilikuwa vinachotwa tu kwenye boksi bila kufuata mpangilio, kwa hiyo hata kibati ambacho hakijawahi kuguswa kinakupa makadirio tu ya mwaka. Kwa Gibson, kampuni nyingine ya magita, namba iko nyuma ya kichwa cha shingo, haihami, lakini miaka ya 60 wao walikuwa wanarudiarudia namba, unakuta namba moja inaangukia miaka miwili au mitatu tofauti.

Vinavyosema zaidi viko ndani, na hapa muuzaji akikataa gita lisifunguliwe mimi huwa nashukuru naondoka. Fungua shingo uangalie kisigino chake, pale inapokaa kwenye mwili. Kuanzia 1962 Fender walikuwa wanagonga muhuri pale, unasomeka mfano 2 MAR 65 B, na hapa naomba mnisikilize maana hili nalo linanikera: ile 2 sio tarehe mbili. Ni alama ya aina ya gita, 2 ilikuwa ya Stratocaster, na B ni upana wa shingo pale juu kwenye nati (kile kipande kinachopitisha nyuzi karibu na kichwa), upana wa kawaida. Kwa hiyo huo muhuri unakwambia Machi 1965, basi, usianze kutafuta siku ya kuzaliwa ulisherehekee. Tena ni Machi ya shingo, sio ya gita. Shingo ilikuwa inaweza kukaa miezi inasubiri mwili.

Halafu geuza ile plastiki ya mbele uangalie migongo ya poti, vile vizungusho vya sauti. Vimegongwa namba, mfano 1376522: zile 137 ni mtengenezaji, CTS, 65 ni mwaka, 22 ni wiki. Ukiona 304 mwanzoni ni Stackpole, nao walikuwa wanawauzia. Wiki ya 22 iko mwishoni mwa Mei, kwa hiyo gita lenye shingo ya Machi na poti hizi halikukamilika kabla ya hapo, na hesabu inakaa vizuri. Ila poti inakupa mwanzo tu, kwamba gita halijafungwa kabla ya hapo, mwisho haikupi. Fender waliwahi kununua shehena kubwa ya poti za 1966 wakawa wanazitumia mpaka karibu miaka ya 60 inaisha, kwa hiyo gita la 1969 lenye poti za 66 halijachezewa, lilizaliwa hivyo. Lakini gita la 1965 lenye poti za 1972, hapo mtu kapita na bisibisi yake.

Angalia na lehemu. Ile ya zamani imefifia, haing'ai, na waya zimevaa kitambaa, ukikuta tone moja linameta kama jana kati ya matone yaliyopauka, hapo pamefunguliwa. Na swichi: Stratocaster zilitoka na swichi ya nafasi 3 mpaka 1977 ndipo ikaja ya nafasi 5, kwa hiyo Strat ya 1965 yenye nafasi 5 imebadilishwa swichi, wala hamna haja ya kubishana. Ni mabadiliko ya kawaida sana na mimi binafsi ningeyasamehe kwa sekunde mbili, mradi niambiwe.

Rangi unaipima kwa taa ya urujuanimno (UV). Vanishi ya nitroselulosi iliyozeeka inawaka kwa ukijani wa manjano hivi, ukiona mwili wote hauwaki au una kipande cheusi katikati ya unaowaka, hapo pamepigwa rangi upya au pamezibwa. Usiniambie mbona imechubuka. Kuchubua rangi ni kazi ya mchana mmoja, na tangu katikati ya miaka ya 90 Fender wenyewe wanauza magita mapya yaliyochubuliwa kiwandani.

Nisisahau vibandiko. Pikapu za Gibson zile zinazosifiwa, kuanzia 1957, zilikuwa na kibandiko chini kinachosema hati miliki imeombwa, ndiyo maana zinaitwa PAF, kifupi cha Patent Applied For. Baadaye wakabadilisha kibandiko wakaweka namba ya hati miliki, 2,737,842, na ukienda kuisoma hiyo hati sio ya pikapu hata kidogo, ni ya kile kishikio cha nyuzi cha mkiani cha magita ya kwanza ya Gibson yanayoitwa Les Paul. Yaani kibandiko ni orijino, ni halisi, kimebandikwa kiwandani na mwenye mali, na kinachokisema hakihusu kitu kilichobandikiwa. Nawapenda sana Gibson kwa hilo.

Neno la mwisho linaloteswa ni vinteji. Nalo limetoka kwenye zabibu, Walatini walikuwa na vindemia, kuvuna zabibu za kutengenezea mvinyo, Wafaransa wakalipokea, Waingereza wakalipindapinda, na maana yake ikawa mavuno ya mwaka fulani. Mvinyo wa vinteji fulani ni mvinyo wa zabibu za mwaka ule. Kwa hiyo ni neno la mwaka, halisemi kitu ni kizuri na wala halisemi kina sura ya kizamani. Mwaka 1982 Fender walianza kutengeneza nakala za magita yao wenyewe ya 57 na 62, nzuri sana, halali kabisa, ni za kwao, na leo unakuta mtu anatangaza Strat 62 vinteji orijino, ukilipindua ni la 1982 au la baadaye. Sio feki, limetoka kwa Fender. Linaweza hata kuwa na kila skrubu yake ya kiwandani, yaani ni halisi na ni orijino vyote viwili, ila ni orijino ya 1982. Ile 62 ni jina la modeli.

Basi nikamwambia jamaa arudi kwa muuzaji na asiulize tena kama ni orijino, maana hilo swali lina jibu moja tu duniani. Aulize nini kimebadilishwa, lini, na vya zamani viko wapi. Akaenda. Muuzaji wala hakukasirika, akasema rangi aliikuta hivyo hivyo alipolinunua, poti ni zake, swichi ni ya nafasi 5 aliweka yeye, na pikapu za zamani zipo zote 3 kwenye kibahasha ndani ya kesi, moja imekatika waya ndiyo maana alizitoa, hakuzitaja kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo sio tapeli, msimwite tapeli. Atakapotangaza tena aandike tu: Stratocaster halisi ya 1965, imepigwa rangi upya, swichi na pikapu zimebadilishwa, pikapu zake za asili zipo na moja inahitaji kuzungushwa waya. Najua ni ndefu kuliko orijino kabisa.