Kimo cha watu wa kale: tunavyodhani na madaftari yanavyosema

Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa watu warefu lazima arefuke. Kwa kuwa wengi tunaamini hivyo, tunashangaa kusikia kwamba wapo wanahistoria wanaochunguza hali ya maisha ya watu waliokufa miaka 200 iliyopita kwa kutazama urefu wao ulioandikwa kwenye madaftari ya zamani, kama yale ya jeshi. Zifuatazo ni dhana ninazokutana nazo mara nyingi.

“Urefu ni damu tu.” Kwa mtu na mtu, kuna ukweli mwingi hapo. Watu waliokulia mazingira mazuri hutofautiana kimo hasa kwa sababu ya kurithi, takriban asilimia 80. Lakini wastani wa taifa zima ni habari nyingine. Katikati ya karne ya 19, vijana wa Uholanzi walioitwa jeshini walikuwa na wastani wa kama sentimita 165. Leo vijana wa huko wanapita 180, na ni miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani. Vizazi vichache haviwezi kugeuza damu ya taifa kiasi hicho. Kilichogeuka ni sahani ya mtoto, maji anayokunywa, maradhi yanayomwandama na kazi anazotwishwa.

“Basi nchi ikitajirika, watu wake hurefuka.” Si lazima. Marekani, watu waliozaliwa kuanzia miaka ya 1830 walikua wafupi kuliko waliowatangulia, ilhali pato la kila mtu lilikuwa linapanda. Mtoto anaweza kula na bado asikue, kwa kuwa mwili unaopigana na homa na kuhara hutumia chakula kile kile ambacho kingejenga mifupa. Miji ilikuwa ikifurika watu, na reli na mifereji ilisafirisha bidhaa pamoja na maradhi. Wataalamu bado wanabishana juu ya kushuka huko, na ubishi wao una msingi: waliopimwa wengi walikuwa askari wa kujitolea, na kazi za uraiani zinapolipa vizuri, anayekwenda jeshini huwa ni yule aliyekosa kwingine.

“Namba ni namba.” Hapana. Jeshi lililokataa wafupi limetuachia daftari la warefu peke yao. Makarani walikadiria hadi inchi kamili. Hata Napoleon, ambaye dunia nzima inamwita mfupi kwa sababu ya futi zake 5 na inchi 2, alipimwa kwa inchi ya Kifaransa, iliyokuwa ndefu kuliko ya Kiingereza. Ukigeuza sawasawa unapata kama sentimita 168, kimo cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa enzi zake.

“Mtu mzima akiwa na kimo kizuri, utoto wake ulikuwa mzuri.” Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana imewahi kutumika kuwatetea wenye watumwa. Wanaume watumwa wa Marekani walifikia kama sentimita 170, wakiwapita makabwela wengi wa Ulaya wa wakati huo. Mtu akiishia hapo atasema walilishwa vyema.

Ila kuna nyaraka nyingine. Sheria ya mwaka 1807 ilipiga marufuku kuingiza watumwa Marekani kuanzia 1808, lakini haikuzuia kuwasafirisha kutoka bandari moja ya nchi hiyo hadi nyingine. Nahodha alitakiwa kuandika orodha: jina, jinsia, umri, kimo kwa futi na inchi, rangi. Kisha aliapa kwamba hakuna aliyeletwa kwa magendo kutoka ng’ambo. Lengo lilikuwa kumtambua kila mtu, kama mzigo unavyotiwa alama. Watoto nao waliandikwa, na kwa sababu hiyo tunaweza kuwaona.

Mwanauchumi Richard Steckel alipozikusanya orodha hizo alikuta watoto wadogo wamedumaa vibaya mno. Ukimsimamisha mmoja wao kando ya watoto 100 wa leo wa umri wake, karibu wote wangempita. Mama alirudishwa shambani mapema baada ya kujifungua, mtoto akaachishwa ziwa kabla ya wakati, na nyama hakuionja mara nyingi. Kisha, alipokaribia miaka 10 au 12 na kuanza kufanya kazi, alipewa posho ya wafanyakazi, na mwili ukaanza kukimbizana na miaka iliyopotea. Hadi utu uzima alikuwa ameziba sehemu kubwa ya pengo. Bwana alimlisha pale tu alipoanza kumletea faida, na madaftari ya watu wazima peke yao yasingetuonyesha hilo.