Ringi gepu ni nini, na kwa nini injini ya nitrasi ya bei poa inaanzia hapo

Ringi gepu ni ile nafasi ndogo inayobaki kati ya ncha mbili za ringi ya pistoni ukishaiingiza ndani ya silinda. Ringi sio duara kamili, ina mkato sehemu moja, ukiishika mkononi mkato unaonekana umeachama kabisa, ila ikishabanwa na silinda zile ncha zinakaribiana mpaka unabaki upenyo ambao hata kucha haipiti. Upenyo huo ndo tunaouongelea hapa, na kwa mtu anayetaka kufungua injini na kuifunga upya kwa hela ya mawazo ili baadae apige nitrasi (gesi ya nitrous oxide inayopulizwa kwenye injini kuongeza nguvu), hicho ndo kipimo cha kwanza kukijua, kabla hata hujaanza kuulizia bei za pistoni.

Tuanze na gesi yenyewe maana wengi wanapotelea hapo. Nitrasi yenyewe haiwaki, sio petroli, kazi yake ni kubeba oksijeni tu. Hewa ya kawaida kwa uzito ina oksijeni kama asilimia 23, nitrasi ina 36, na ikikutana na joto la karibu nyuzi 300 za selsiasi humo kwenye silinda inavunjika na kuiachia hiyo oksijeni. Oksijeni ikiongezeka unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa mpigo mmoja, na ile petroli ya ziada ndo inayoleta nguvu. Halafu inatoka kwenye chupa ikiwa kimiminika, inachemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inapoza hewa inayoingia na hewa ya baridi inabeba zaidi, yani faida juu ya faida. Sasa petroli ya ziada maana yake joto la ziada, na joto linatua juu ya kichwa cha pistoni, na jirani wa kwanza wa huo moto ni ringi ya juu.

Chuma kikipata moto kinarefuka, hilo halina mjadala. Chukua silinda ya kipenyo cha milimita 96. Ringi yake ukiikunjua ukainyoosha ni kama milimita 302. Kila nyuzi 100 zinazoongezeka kwenye ringi, urefu unaongezeka karibu milimita 0.35. Ukuta wa silinda nao unatanuka ila umezungukwa na maji kwa nyuma, haufikii joto la ringi, kwa hiyo ule urefu wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa kwenye gepu. Ni mambo yale yale ya reli za zamani za Reli ya Kati, zile zinazolia tak-tak kwenye maungio, waliacha nafasi makusudi ili jua la mchana likipiga chuma kiwe na pa kutanukia.

Gepu ikiisha, ncha zikagusana, hapo ndo balaa. Ringi haiwezi tena kutanuka kuzunguka, inaanza kujisukuma nje na kung'ang'ania ukuta wa silinda kama breki, wakati konrodi, yani mkono unaounganisha pistoni na krenki, inaendelea kuvuta pistoni maana krenki, ile shafti kuu inayozunguka chini, haijui kuna shida huku juu. Kinachoachia ni kile kilicho dhaifu zaidi, yani ule ukingo mwembamba wa alumini ulioko juu ya mfereji wa ringi. Unanyanyuka, unameguka, kipande kinaranda ndani ya silinda na kuichana. Ukifungua injini kama hiyo unakuta pistoni imeliwa pembeni kama kipande cha muhogo kilichovunjwa kwa mkono, na fundi anakwambia "nitrasi imekuua". Kumbe mara nyingi sio nitrasi, ni gepu lilikuwa la kiwandani, lililopimwa kwa joto la mtu anayepeleka watoto shule.

Mfano mzuri wa injini ya bajeti ni ile V8 ya lita 5.3 ya GM (General Motors), inayoitwa LM7, iliyoanza kufungwa kwenye Chevrolet Silverado za 1999 na baadae Tahoe na Suburban. Kule Marekani zimejaa skrepa, bloku ni la chuma cha kusubu, kipenyo ndo hicho cha milimita 96, na vijana wanainunua ikiwa imeshatembea kilometa za kutosha, wanaiosha, wanafungua, wanatanua gepu, wanafunga. Kiwandani gepu la ringi ya juu huwa chini ya milimita 0.45. Hesabu inayotumiwa sana ni kuzidisha kipenyo cha silinda, kwa injini ya barabarani unazidisha kwa 0.0045, unapata kama 0.43, kwa nitrasi unapanda mpaka 0.006 au 0.007. Ukichukua katikati, 96 mara 0.0065, unapata milimita 0.62. Tofauti ya hizo namba mbili haifiki unene wa karatasi mbili tatu za daftari na ndo inayoamua kama pistoni itabaki nzima. Ringi ya pili iache sawa na ya juu au zaidi kidogo, ili moshi wa mgandamizo uliopenya usikwame katikati ukaanza kuinyanyua ile ya juu.

Watu wanaogopa kutanua, wanasema injini itavuja kompresheni na kula oili. Itavuja kidogo ikiwa ya baridi, kweli, ikipata moto gepu linajifunga lenyewe. Na hata ukikosea ukazidisha kidogo, hasara yake ni moshi kidogo na nguvu kidogo. Ukikosea upande wa kubana hasara ni injini. Mimi kwa hesabu hiyo sioni cha kubishania.

Kuitanua hakuhitaji karakana kubwa. Unaingiza ringi kwenye silinda ile ile itakayokaa, sio yoyote, maana silinda zilizotumika hazilingani, unaisukuma chini kama sentimita mbili na nusu kwa kutumia pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa bila kupinda, halafu unapitisha fila geji, yani vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia upenyo. Jani linatakiwa lipite kwa kusugua kidogo, sio kudumbukia na sio kulazimishwa. Ikibana unaitoa, unaipeleka kwenye kimashine kidogo cha kuzungusha kwa mkono chenye jiwe la kusagia, au tupa bapa iliyobanwa kwenye vaisi kama mfuko umekauka. Saga ncha moja tu, ile nyingine iache iwe kipimo chako cha unyoofu, na saga kutoka nje kuja ndani kwa sababu uso wa nje una mpako mgumu ukisaga kinyume unabanduka. Mizunguko michache, rudisha, pima, toa tena. Ukimaliza ondoa ule ukali wa chuma uliobaki kwenye kona kwa jiwe laini, ukiuacha utachora ukuta wa silinda mistari. Silinda 8 ringi 16, mchana wote umekwisha, ni kazi ya kuchosha na kuchukiza ila gharama yake ni jasho tu.

Hela yenyewe iende wapi basi. Pistoni na konrodi za fojidi (za chuma kilichofuliwa, imara zaidi) ukinunua seti nzima zinazidi dola 1,000 kirahisi, na kwa nitrasi ya hosipawa 100 au hata 150 kwenye hiyo 5.3 huzihitaji. Nunua ringi mpya, beringi mpya za krenki na konrodi, gasketi nzuri ya hedi ile ya matabaka ya chuma, na bolti mpya za hedi maana za GM kwenye hii injini zinavutika mara moja tu, ukizirudisha zilizotumika umejitafutia kuvuja. Silinda ikiwa bado ina ile michoro ya kiwandani inayokatizana na haijachongoka juu, mpitishe fundi aihoni kidogo tu (aisugue ukuta kwa mawe ya kusagia) usikimbilie kubadilisha saizi. Na vifuniko vya konrodi usivichanganye hata kwa bahati mbaya, kiwandani vilivunjwa sio kukatwa, kila kifuniko kinakubali konrodi yake tu.

Kinachobaki kwenye bajeti kipeleke kwenye mafuta. Kiti ya maji, yani seti ya vifaa inayomwaga nitrasi na petroli pamoja kupitia jeti mbili (vitundu vidogo vinavyopima kiasi kinachopita), ni salama zaidi kwa anayeanza kuliko kiti kavu inayotegemea injekta za gari zijazie pengo zenyewe, lakini zote zinataka pampu ya petroli inayoweza kushikilia presha ukiwa umekanyaga mpaka mwisho. Pampu ikichoka presha inashuka, petroli inapungua, nitrasi inaendelea kuja ile ile, na alumini ya pistoni inayeyuka. Hapo hata gepu la milimita moja halikuokoi. Taimingi, yani wakati plagi inapopiga cheche, nayo unairudisha nyuma, kanuni ya mtaani na ya vitabuni ni ile ile, kama nyuzi 2 za mzunguko wa krenki kwa kila hosipawa 50.

Halafu kuna hili la kubonyeza swichi ya nitrasi mapema, injini ikiwa bado inazunguka taratibu, ambalo linaua injini nyingi kuliko ukubwa wa jeti. Jeti inapitisha gesi kiasi kile kile kwa sekunde iwe injini iko chini au juu, kwa hiyo kadri injini inavyozunguka taratibu ndo kila pistoni inavyopata dozi kubwa zaidi. Hosipawa 100 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika ni kama torki ya Nm 142 ya ziada. Hizo hizo 100 kwenye mizunguko 2,000 ni Nm 356, na hiyo 5.3 ikiwa haijaguswa kabisa inatoa karibu 440 tu, yani umeipiga injini karibu mara mbili kwa kufumba na kufumbua. Ndo maana swichi inayozuia nitrasi isifunguke chini ya mizunguko 3,000 na nyingine inayotaka mguu uwe chini kabisa sio mapambo, kabla hujanunua geji za taa taa nunua hizo.

Kwa wanaosoma hili wakiwa Dar, Mombasa au Maskati, chupa ina kisa chake. Kwenye nchi za baridi watu wananunua blanketi la umeme la kupashia chupa ili presha ifike baa 60 na kitu. Huku kwetu buti la gari lililoanikwa juani linavuka nyuzi 36.4 bila shida, na juu ya hapo nitrasi haiwezi tena kukaa kama kimiminika, presha inapita baa 72. Presha ikipanda gesi inayotoka kwenye jeti inazidi wakati petroli imebaki pale pale, mchanganyiko unakauka, pistoni inakaangika, na wewe hujabadilisha chochote tangu wiki iliyopita. Weka geji ya presha kwenye chupa, ikizidi kitambaa cha maji baridi kinatosha.

Baada ya mvuto wa kwanza, yani kukanyaga mpaka mwisho na nitrasi kwa mara ya kwanza, na jeti ndogo ya hosipawa 50, usiongeze kitu, zima injini na fungua plagi ukiwa na lensi na tochi. Plagi ziwe za baridi daraja moja kuliko za kawaida na upenyo wake kama milimita 0.9. Angalia kaure nyeupe ndani kule. Ikiwa safi nyeupe au kahawia hafifu uko sawa. Ukiona vidoti vidogo vyeusi kama pilipili manga, injini imeanza kugonga, yani petroli inalipuka yenyewe bila mpangilio, rudisha taimingi nyuma. Ukiona vidoti vinang'aa rangi ya fedha, hiyo ni alumini ya pistoni yako, na hapo hakuna jeti kubwa utakayofunga mpaka ujue petroli ilipotelea wapi.