Shangingi si kila gari lililoinuka

Matangazo ya magari ya mitumba nchini Tanzania yamezoea kuliita shangingi kila gari ambalo dereva wake hukaa juu kidogo kuliko wenzake, na Toyota Harrier ndiyo inayobandikwa jina hilo mara nyingi. Kosa hili lina gharama, kwa kuwa mtu anayeishi mwisho wa barabara ya udongo hutoa fedha zake kwa kuamini jina, kisha masika yakiingia gari hubaki limezama kwenye tope ambalo Land Cruiser ya zamani zaidi ingelipita.

Shangingi, yaani gari la kifahari la njia mbovu, ni gari lililoundwa kwanza kupita pasipo na barabara, kisha likaongezewa starehe. Utaratibu huo wa uwezo kutangulia na starehe kufuata ndio historia yake yote.

Mwanzoni starehe haikuwepo kabisa. Willys ya jeshi la Marekani ya mwaka 1941, Land Rover iliyooneshwa Amsterdam mwaka 1948, na gari la Toyota la mwaka 1951 ambalo mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser, yote yalikuwa magari ya kazi. Wamarekani ndio waliotangulia kuyalainisha: Jeep Wagoneer ilitoka katika toleo la mwaka 1963, na kufikia mwaka 1966 Super Wagoneer ilikuwa na injini ya V8, gia za otomatiki, usukani mwepesi na kiyoyozi, huku chini ikibaki na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ya gari la shamba.

Hata hivyo, gari linalotajwa na wengi kuwa ndilo chimbuko ni Range Rover ya mwaka 1970, na hapo ndipo historia husimuliwa vibaya. Wahandisi Spen King na Gordon Bashford hawakukusudia kuwatengenezea matajiri gari la kujionesha. Walikusudia gari litakalopita shambani na bado likimbie vizuri kwenye lami, ndiyo maana waliweka springi za koili mahali pa zile za vipande bapa, breki za diski kwenye magurudumu yote manne, na injini ya V8 ya alumini ya lita 3.5 iliyotokana na ile ya Buick. Ndani, viti vilikuwa vya plastiki, na sakafu iliweza kuoshwa kwa mpira wa maji. Milango minne ilikuja mwaka 1981 na gia za otomatiki mwaka uliofuata, kisha ngozi na mbao zikaongezwa kidogo kidogo, na King mwenyewe uzeeni alisikitika hadharani kwamba gari lake limegeuzwa alama ya hadhi mjini. Mercedes G, iliyoanza kuundwa Graz, Austria, mwaka 1979, ilipita njia hiyo hiyo kutoka kazini hadi kwenye anasa, na Land Cruiser vilevile, mpaka toleo lake la VX likawa gari la vigogo wa serikali na mada ya mijadala ya matumizi ya fedha za umma.

Harrier ilipotoka Japani mwaka 1997 iligeuza utaratibu huo. Msingi wake ni wa Camry, gari dogo la starehe, ambalo liliinuliwa na kupewa umbo la gari la porini. Nyingine huendeshwa na magurudumu ya mbele peke yake, na hata zile zinazosukumwa na yote manne hazina transfa yenye gia nzito.

Transfa hiyo ndiyo kipimo cha shangingi. Ni giaboksi ya ziada inayofuata giaboksi kuu, na dereva akiiweka kwenye gia nzito, mwendo hupungua na nguvu ya kuzungusha magurudumu huongezeka, katika Land Cruiser kwa takriban mara mbili na nusu, hata gari likapanda mwamba au kushuka mteremko wa utelezi polepole bila kutegemea breki. Wapo wanaodhani kipimo ni chesisi, lakini Range Rover ya mwaka 2002 iliacha chesisi ya kujitegemea, iliyotengana na bodi, na haikupoteza uwezo wake, kwa kuwa transfa ilibaki. Porsche Cayenne ya kwanza, ya mwaka huo huo, nayo ilikuwa na gia nzito, ila kizazi kilichoanza mwaka 2010 kiliiacha bila wanunuzi wengi kulalamika.

Harrier ni gari zuri, tulivu na lenye kuheshimika, na mwenye kuimiliki hana sababu ya kuionea haya. Anayeiuza ataje tu kuwa ni gari la starehe lililoinuka, na anayenunua kwa ajili ya tope atazame pembeni ya gia kama kuna mkono wa pili wa gia, au swichi iliyoandikwa L4, yaani gia nzito kwa magurudumu yote manne, kabla ya kuuliza kuhusu viti vya ngozi.