Usiamini Jalada: Dhana Potofu za Sisi Wapenzi wa Jazz

Ni zaidi ya miaka thelathini sasa nanunua, nabadilishana na kupanga upya santuri za jazz. Dhana zilizomo humu si za watu wengine tu. Karibu zote niliwahi kuziamini, na mbili tatu nilizilipia pesa taslimu.

Dhana: Rekodi ya jukwaani inakupa usiku ule kama ulivyokuwa

Nianze na hii kwa sababu ndiyo iliyonichezea zaidi. Duke Ellington alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport Julai 1956, wakati wengi wakisema bendi yake imepitwa na wakati. Usiku wa tarehe 7, katikati ya "Diminuendo and Crescendo in Blue", Paul Gonsalves alisimama na saksafoni yake ya tena akapiga mizunguko 27 ya blues bila kupumzika, na watu wakanyanyuka vitini. Hayo ni kweli tupu.

Ambalo jalada halikusema ni kwamba Gonsalves alikuwa akipigia maikrofoni isiyo yake. Ilikuwa ya redio ya Voice of America, si ya kampuni ya Columbia iliyokuwa ikirekodi sahani, kwa hiyo kwenye mkanda wa Columbia anasikika kama mtu aliye chumba cha pili. Siku mbili baadaye bendi iliitwa studio ikarudia sehemu kubwa ya vipande, kisha makofi yakabandikwa juu yake. Tuliisikiliza sahani hiyo ya kuungaunga kwa zaidi ya miaka arobaini tukidhani tumeketi Newport. Mkanda wa redio uligunduliwa baadaye katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ukaoanishwa na ule wa Columbia, na mwaka 1999 likatoka toleo ambamo Gonsalves hatimaye yuko mbele yako.

Tukio la Massey Hall, Toronto, la Mei 15, 1953, nalo lina yake. Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach jukwaa moja: ungedhani watu walikanyagana mlangoni. Viti vingi vilikuwa vitupu. Usiku huohuo Marciano alikuwa akipigana na Walcott, na ndondi zilivuta wengi kuliko jazz. Parker alikuwa na saksafoni ya plastiki, na kwenye jalada la kwanza aliandikwa "Charlie Chan" kwa sababu ya mkataba wake na kampuni nyingine. Besi haikusikika vizuri kwenye mkanda, basi Mingus akaenda studio akaipiga upya juu ya ile ya awali.

Na kile kibao maarufu alichokirekodi Cannonball Adderley mwaka 1966, "Mercy, Mercy, Mercy", maelezo ya jaladani yanadai kilirekodiwa katika klabu moja ya Chicago. Ilikuwa studio ya Capitol huko Hollywood, wageni wamealikwa na vinywaji vimefunguliwa. Vifijo vyao ni vya kweli. Anwani ndiyo ya uongo. Sahani yenyewe ningali naipenda. Kukata na kuunga mkanda hakunikeri hata kidogo. Kinachonikera ni kuuziwa kiungio kama kitu kizima.

Dhana: Mpiga jazz anabuni kila kitu papo hapo

Sikiliza "Giant Steps" ya John Coltrane, iliyorekodiwa New York Mei 1959. Coltrane anateleza juu ya kodi zinazobadilika kwa kasi ya kutisha (kodi za piano, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si za serikali) kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani. Ni kwake kweli: alikuwa amezifanyia mazoezi muda mrefu. Kisha inakuja zamu ya Tommy Flanagan kwenye piano, mpigaji hodari asiye na shaka, naye anasitasita, anaacha mapengo, mwishowe anabaki kugonga kodi zenyewe. Hakupata nafasi ya kuuzoea wimbo ule. Mwaka 1982 Flanagan alitoa albamu nzima ya kumkumbuka Coltrane, akaupiga wimbo uleule bila kigugumizi.

Kwangu mimi, hapo ndipo unapoona kubuni ni nini: ni kuijua njia mpaka uweze kuchezea miguu. Hata Parker, "Ko-Ko" yake ya 1945 imejengwa juu ya kodi za "Cherokee", wimbo alioupiga mara nyingi mno.

Dhana: Chapa ya kwanza ndiyo inayosikika vizuri kuliko zote

Hii ndiyo niliyoilipia. Wakusanyaji wa sahani za Blue Note, kampuni ya rekodi za jazz, tuna katekisimu yetu: anwani iliyo kwenye lebo, herufi za RVG zilizochorwa karibu na kitovu cha sahani, na kile kialama kinachofanana na sikio, cha kiwanda cha Plastylite, kilichokuwa kikiitengenezea Blue Note sahani zake hadi 1966 kampuni ilipouzwa kwa Liberty. Alama hizi ni za umri. Zinakuambia sahani ilizaliwa lini na wapi, basi. RVG pekee ndiyo inayogusa sauti, kwa maana inaonyesha fundi sauti Rudy Van Gelder aliichonga mifereji kwa mkono wake.

Niliwahi kununua moja yenye alama zote, lebo safi, inang'aa kama kioo. Nikaiweka. Dakika tatu za kwanza, raha. Kadiri sindano ilivyokaribia katikati, tarumbeta ikageuka kuwa kitu kinachokaangwa. Mwenye nayo wa kwanza aliipiga kwa sindano nzito miaka na miaka, na mfereji uliolika haung'arishwi kwa kitambaa. Toleo jipya la bei ya chini nililokuwa nimeligawa mwezi mmoja kabla lilikuwa bora mara kumi.

Mfano mkubwa zaidi ni "Kind of Blue" ya Miles Davis. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilirekodiwa Machi 2, 1959 kwenye mashine iliyokuwa ikizunguka polepole kidogo, kwa hiyo mkanda ulipopigwa kwa mwendo sahihi, sauti zikapanda juu kuliko zilivyopigwa. Kosa hilo lilidumu hadi 1992, mkanda wa akiba kutoka mashine ya pili ulipotumika. Ukiwa na chapa ya kwanza, unayo ile isiyo sahihi. Kuna watu wanaipenda hivyohivyo, na siwalaumu. Masikio yao yamekua nayo. Ila wasiseme ndiyo ya kweli zaidi. Na tukiwa hapohapo: si kweli kwamba kila wimbo wa albamu hiyo ulimalizwa kwa jaribio moja. "Flamenco Sketches" ina majaribio mawili kamili, na lile lililoachwa nje ya albamu ya awali limetolewa pia, tunalo.

Kuhusu sahani nzito za gramu 180 zinazosifiwa kuwa bora, niseme kwa ufupi: muziki umo kwenye mfereji, haumo kwenye kilo.

Dhana: Sikio lililokomaa hutambua dijitali mara moja

Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja ya Marekani, iliyosifika kwa sahani za analogi tupu (sauti isiyogeuzwa kuwa tarakimu), ilikuwa ikipitisha mikanda kwenye hatua ya dijitali kwa miaka kadhaa. Wengi walioapa kwamba dijitali huwaumiza masikio walikuwa wakizisifu sahani hizohizo. Sikucheka sana. Mbili zilikuwa kabatini mwangu, na nilikuwa nimezisifu pia.

Dhana: Historia ya jazz ni historia ya rekodi zake

Buddy Bolden, ambaye wazee wa New Orleans walimtaja kwa heshima, hatuna hata sekunde moja ya tarumbeta yake. King Oliver na Louis Armstrong walirekodi Richmond, Indiana, Aprili 1923, wakipigia pembe kubwa ya kukusanyia sauti, bila maikrofoni. Armstrong ilibidi asimame mbali kwa sababu alimfunika bosi wake, Oliver. Sahani ya inchi kumi ilibeba takriban dakika tatu, na mpigaji aliyezoea kunoga kwa robo saa alibanwa humohumo. Kisha chama cha wanamuziki cha Marekani kiligoma kurekodi kuanzia Agosti 1942, na kampuni kubwa zilikubali masharti miezi mingi baadaye, za mwisho Novemba 1944. Bebop, mtindo mpya wa jazz wa kina Parker na Gillespie, ilikuwa inachemka wakati huohuo. Ndiyo maana inaonekana kama ilidondoka kutoka mbinguni mwaka 1945.

Dhana: Kilichofichwa ghalani ni dhahabu

Mara nyingine ni kweli. Thelonious Monk na Coltrane katika Carnegie Hall, Novemba 1957, walitoka kwenye rafu za Maktaba ya Bunge mwaka 2005, na sahani hiyo ninaitetea mbele ya yeyote. Lakini majaribio mengi yaliwekwa kando kwa sababu yalistahili kuwekwa kando. Dean Benedetti alimfuata Parker vilabuni mwaka 1947 na 1948 akirekodi solo zake karibu peke yake. Wengine wakianza, mashine inazimwa. Kwa anayesomea saksafoni ni chuo. Mgeni wako utampoteza kabla chai haijapoa.

Dhana: Jazz nzuri hutaka ukumbi uliotulia tuli

Bill Evans (piano), Scott LaFaro (besi) na Paul Motian (ngoma) walirekodi seti tano katika klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya Juni 25, 1961. Ni chumba kidogo cha chini ya ardhi. Glasi zinagongana, watu wanapiga soga, kuna mtu anacheka mahali ambapo besi imeshuka hadi kunong'ona. Ujanani nilitamani kumtoa nje yule mcheshi. LaFaro alikufa kwa ajali ya gari Julai 6, na waliokuwa kwenye meza zile hawakujua ni nani aliyekuwa akiwapigia muziki huku wao wakipiga soga. Siku hizi kicheko kile nakingojea, na kikichelewa nahisi nimeweka sahani nyingine.