Satelaiti haioni mizizi ya kiazi

Karakana yetu ni chumba kimoja na nusu nyuma ya maduka ya vipuri, Mwanjelwa, jijini Mbeya. Tuko wanne. Tunatengeneza makasha yanayopima mvua na unyevu wa udongo shambani, kisha yanarusha vipimo kwa redio hadi kwenye satelaiti, maana yapo mabonde huku ambayo simu haishiki hata upande juu ya mti. Kila anayechungulia mlangoni swali lake la kwanza ni moja: "Roketi mmeificha wapi?"

Hatuna roketi wala satelaiti. Satelaiti ni za watu. Za kampuni ya Iridium, kwa mfano, ziko 66 zinazofanya kazi pamoja, kimo cha kilomita 780 hivi. Modemu, yaani kifaa cha kuongea nazo, inanunuliwa ikiwa tayari, nayo inaenea kiganjani. Kazi yetu ni vinavyoizunguka: bodi, antena, chaji ya sola, programu na kasha lisilovuja. Hata kurusha kwenyewe si kwa mataifa makubwa peke yake siku hizi. Mei 2018 satelaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, na ilikuwa kiboksi cha sentimita 10 kila upande.

Dhana inayotusumbua kuliko zote ni kwamba satelaiti inaona kila kitu, sasa vijiti vyetu vya kuchomeka ardhini vya nini? Mzee mmoja wa Uyole, mkulima wa viazi, alinibana: "Fundi, si zinapiga picha mpaka paa la nyumba yangu?" Paa, ndiyo mzee. Chini ya udongo ni habari nyingine. Marekani ilirusha satelaiti ya SMAP Januari 2015, kazi yake hasa ni kupima unyevu wa udongo. Inasikiliza mawimbi dhaifu ya redio yanayotoka ardhini yenyewe, na inachosikia ni sentimita 5 za juu tu. Tena kipimo chake kimoja kinachanganya eneo la karibu kilomita 40 kwa 40. Ndani ya mraba huo Uyole na kilele cha Rungwe vinaweza kulala pamoja! Kwa anayechora ramani ya ukame wa nchi ni kazi safi. Kwa mzee anayetaka kujua kama amwagilie leo au asubiri Jumamosi, haimsaidii.

Ndiyo maana ya vijiti. Maji hutunza chaji ya umeme nyingi zaidi kuliko udongo mkavu, kwa hiyo kijiti, yaani kihisi, kinapima chaji hiyo na kutwambia maji ni kiasi gani, pale pale kwenye kina cha mizizi. Ukikichomeka ovyo ukaacha upenyo wa hewa, kitakwambia shamba limekauka wakati unakanyaga tope. Na udongo wetu wa volkano ni mwepesi, hauendani na hesabu za kiwandani. Tunachukua sampuli ya kila shamba, tunaipima uzito, tunaikausha kwenye oveni nyuzi 105 siku nzima, tunaipima tena. Kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo tunauza namba za uongo.

Aprili 2024, tope la mlima Kawetere liliposhuka Itezi na kufukia nyumba, watu waliniuliza kama vijiti hivi vingelizuia. Hapana. Kihisi hakizuii mlima. Kikiwekwa mtelemkoni pamoja na kipimamvua kinaweza kuonyesha kwamba udongo umeshiba maji, na hapo lazima awepo mtu wa kusoma taarifa na kupiga kelele.

Wengine hutupongeza kwa kuwa milimani, eti tuko karibu na satelaiti. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Toa hiyo kwenye kilomita 780 uone kama kuna kilichopungua. Milima hasa ndiyo inayotuibia. Satelaiti moja hupita juu yako kwa dakika kama kumi ukiwa uwandani, lakini ndani ya bonde inachomoza nyuma ya mlima huu na kuzama nyuma ya ule, ujumbe unabaki kwenye foleni.

Kuna tajiri wa maparachichi aliyetaka video za wezi. Ujumbe mmoja wa modemu yetu hauzidi baiti 340, hazifiki hata SMS tatu. Aliondoka akicheka.

Kuhusu vibali, anga ina wenyewe. Kampuni changa ya Marekani, Swarm, ilirusha satelaiti nne kutoka India Januari 2018 baada ya kunyimwa kibali kwao. Mwisho wa mwaka ikakubali kulipa dola 900,000. Sisi na redio zetu tunapita TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwanza.

Halafu mvua. Kwa kuwa king'amuzi hukata picha wingu likifunga, watu wanaamini satelaiti zote zinaogopa mvua. Dishi la televisheni linapokea mawimbi ya sentimita mbili na nusu hivi, matone yanayala. Ya modemu yetu yana sentimita 19 hivi, mvua ya Tukuyu inayapita tu. Yanayoua makasha yetu Tukuyu ni maji yanayofuata waya hadi ndani, na sisimizi. Kasha la kwanza tulilolifungua baada ya masika lilikuwa na kiota juu ya betri, mayai yakiwa yamepangwa vizuri kuliko waya zetu. Sasa tundu la waya linatazama chini, na limezibwa kwa silikoni.