Ada ya chuo ni jukumu la nani: mzazi, kijana au mkopo?

Na Afisa wa Dawati la Mikopo, chuo cha umma, Dar es Salaam

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la maombi ya mikopo likiwa wazi, dawati letu hupokea malalamiko yanayofanana. Mzazi anafika na barua ya udahili mkononi, anauliza inakuwaje mwanawe adaiwe ada wakati ameshaomba mkopo wa serikali kwenye Bodi ya Mikopo. Mwingine anasema wazi kwamba kazi yake iliisha siku mtoto alipotimiza miaka 18. Kwa kuwa malalamiko haya yanaongezeka, tumeona tuyajibu kwa umma.

Msimamo wetu ni huu. Mzazi mwenye uwezo alipie chuo kwa kiasi anachokimudu, na aanze na ada. Asiye na uwezo asiuze kiwanja wala asiingie madeni ya mtaani; mkopo wa serikali uliwekwa kwa ajili ya familia kama yake. Yote mawili yanahitaji kusemwa nyumbani mapema, kijana akiwepo, kabla fomu haijajazwa. Wanaotutesa zaidi ni wazazi wanaonyamaza hadi wiki ya kuripoti.

Tunaelewa chanzo cha mkanganyiko. Tangu 2016 ada imefutwa shule za umma hadi kidato cha nne, na kuanzia 2022 hadi kidato cha sita. Mzazi aliyezoea hivyo anaona chuo ni hatua inayofuata ya mpango uleule. Sivyo. Chuoni ada ipo, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, inakopesha, haigawi. Kuomba mkopo nako si kupata, na kupata si kupata wote. Bodi hupima uhitaji wa kila mwombaji, ikampangia kiwango kwa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Wapo wanaopangiwa vyote. Wapo wanaopata bumu tu, yaani fedha ya chakula na malazi, na ada inabaki kwao nzima. Hili tumelieleza mara nyingi mno, na bado tunaulizwa kana kwamba chuo ndicho kilichokata.

Sasa hesabu, maana mazungumzo mengi ya nyumbani hufanyika bila hata tarakimu moja mezani. Chukua shahada ya miaka 3 katika chuo cha umma yenye ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Fedha ya chakula na malazi kwa kiwango kamili ni 10,000 kwa siku, hutoka mara nne kwa mwaka, kila mkupuo ukiwa wa siku kama 60: yaani 600,000, jumla 2,400,000 kwa mwaka. Vitabu na viandikwa ni 200,000. Ukijumlisha na ada unapata 3,900,000 kwa mwaka, na 11,700,000 kwa miaka 3, hapo hatujagusa mafunzo kwa vitendo wala utafiti.

Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa 15% ya mshahara wa msingi. Mshahara ukiwa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi. Deni la 11,700,000 litamchukua miezi 97 na nusu, zaidi ya miaka 8, mshahara usipopanda. Mwenzake ambaye ada yake ililipwa na mzazi anadaiwa 7,800,000, na atamaliza kwa miezi 65. Tofauti ni miezi 32 na nusu ya makato, na huo ndio wakati ambao kijana anatafuta chumba, anaoa au kuolewa, anaanza kuwasomesha wadogo zake. Mzazi anayelipa ada anampunguzia mwanawe mzigo huo, si kwamba "anamdekeza" kama tunavyoambiwa.

Kuhusu marejesho yenyewe, kwa sababu hapa kuna upotoshaji mwingi. Sheria inampa mhitimu muda wa nafuu wa hadi miezi 24. Mwajiri akimwajiri mhitimu ana siku 28 za kuitaarifu Bodi, na makato anatakiwa kuyawasilisha ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Akichelewesha, tozo ni yake yeye, si ya mhitimu. Wazazi wenye biashara zilizoajiri wahitimu wajiangalie hapo. Aliyejiajiri naye hatakiwi kulipa chini ya 100,000 kwa mwezi. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikiongeza deni kila mwaka, ilifutwa 2021, pamoja na adhabu ya 10% kwa wadaiwa waliochelewa. Bado tunakutana na wazazi wanaowakataza watoto kuomba mkopo kwa kuogopa tozo ambayo haipo tena.

Na hapa ndipo tunapowasihi wazazi wa kipato cha chini. Deni la Bodi leo haliongezeki kwa kulala. Mikopo ya kausha damu inaongezeka kwa wiki, mingine kwa siku, na dhamana yake ni friji, televisheni, kadi ya benki au hati ya nyumba. Kukopa huko ili kulipa ada, kwa kumwepusha mtoto na mkopo wa Bodi, ni kubadili deni jepesi kwa deni linalovunja nyumba. Kama ni lazima kukopa kwingine, kopeni kikoba au chama cha akiba mnachokifahamu, na msaini baada ya kusoma jumla ya marejesho, si rejesho la wiki peke yake.

Aliye na mtoto kidato cha kwanza sasa hivi ana nafasi nzuri kuliko wote. Shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa miaka 6, ni 3,600,000 bila faida yoyote: karibu ada yote ya mfano wetu. Asiyeweza 50,000 aweke 20,000. Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, unapokea viwango vidogo kwa jina la mtoto aliye chini ya miaka 18. Muhimu fedha hiyo isikae kwenye simu, inakoliwa na kila msiba na kila harusi.

Hata kijana aliyepangiwa mkopo wote, mzazi bado ana sehemu yake: fedha ya kuanzia. Bumu la kwanza halimsubiri mwanafunzi getini. Hutoka baada ya kusajiliwa na kusaini, na hilo huweza kuchukua wiki kadhaa tangu siku ya kuripoti. Katika muda huo anahitaji kula na nauli. Bima ya afya, ambayo imekuwa 50,400 kwa mwaka, haimo kwenye mkopo, na kuna michango mingine midogo iliyoorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga. Akikosa hosteli, Sinza, Msewe, Makongo au Kigamboni mwenye nyumba huomba kodi ya miezi 3 hadi 6 kwa pamoja, na dalali anadai mwezi mmoja wake. Baadaye daladala, 600 kwa safari fupi: kwenda na kurudi ni 1,200 kati ya ile 10,000 ya siku, kama haungi magari mawili. Fomu ya kujiunga inaonyesha nusu ya haya. Isomeni ukurasa kwa ukurasa, tafadhali.

Nyaraka ndizo zinazowaangusha wengi, na kazi hii ni ya mzazi kuliko ya mtoto. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwa Tanzania Bara, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kaya iliyomo TASAF itoe namba yake ya kaya. Majina nayo: cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, mfumo unaona watu wawili. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, marekebisho ni RITA. Ikiwa kijana ametumia jina tofauti shuleni, anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Yote yanachukua muda, kwa hiyo anzeni kabla ya matokeo. Kwenye maombi ya chuo na ya mkopo itumike namba moja ileile ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyerudia mtihani akachanganya namba, udahili wake hausomeki Bodi. Fomu ikichapishwa hupelekwa serikali ya mtaa kugongwa muhuri, kisha kwa wakili au hakimu, mdhamini anasaini na kuweka picha na kitambulisho, ndipo kurasa zilizosainiwa zinapakiwa tena kwenye mfumo. Anayesahau kupakia kurasa hizo hajaomba mkopo, hata kama ameshalipa ada ya maombi.

Kuhusu ile hoja ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hiyo ni kwa aliye chini ya miaka 18, na wapo wanafunzi wa stashahada na cheti wanaoingia chuo wakiwa na miaka 16 au 17. Amri ya matunzo ya mahakama kwa kawaida hukoma mtoto akifika 18, lakini sheria hiyohiyo inairuhusu mahakama kuiendeleza iwapo bado yuko masomoni, na kijana mwenyewe anaweza kuomba. Kwa wazazi walioachana ushauri wetu ni kwenda na jambo hili mapema, amri ikiwa bado hai. Anzeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na kwa Dar es Salaam Mahakama ya Watoto ipo Kisutu. Bebeni barua ya udahili, mchanganuo wa ada na risiti za kilichokwisha kulipwa. Wengi tunaowaona hapa hawahitaji kufika huko. Baba na mama wakikaa na mchanganuo wa ada mbele yao, mmoja akachukua muhula wa kwanza na mwingine wa pili, jambo limekwisha.

Malipo ya ada hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, ile mnayoiita kontroo namba: tarakimu 12, huanza na 99, na hutolewa kwenye akaunti ya mwanafunzi katika mfumo wa chuo. Usitume ada kwa namba ya simu ya mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mhasibu. Kabla ya kuthibitisha, hakikisha jina linalotokea ni la mwanao na kiasi ni cha muhula huo. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu mbili, na anayeona hataweza awamu ya pili aandike barua kwa chuo kabla ya mitihani, akiambatisha ratiba ya malipo anayoiweza. Wiki ya mitihani hatuna tena nafasi ya kumsaidia. Aliyepangiwa mkopo mdogo ana dirisha la rufaa ambalo Bodi hulifungua baada ya kutangaza mikopo. Humo waombaji waambatishe kielelezo ambacho hakikuwepo mwanzo: mzazi aliyefariki au kupata ulemavu baada ya maombi, ama cheti kilichokuwa hakijahakikiwa. Barua ya kulalamika kwamba maisha ni magumu, bila kiambatisho, haibadilishi kiwango.