Mgeni wa Gombe Huanza Kupita Mbele ya Nyumba Yako

Mvua zinapokatika, Mei kuelekea Juni, malalamiko yanayofika ofisini kwetu, manispaa ya Kigoma, hubadilika. Wakati wa masika wananchi hutuita kwa mitaro iliyoziba na maji yaliyoingia ndani. Kiangazi kikishashika, wanaokuja ni wenye nyumba za kulala wageni, wenye boti na madereva wa bajaji, na wote wana neno moja: wageni wameanza kuingia, mji mchafu, manispaa imelala. Mwaka huu wamekuja wengi kuliko tulivyozoea, kwa hiyo nimeona nieleze kwa maandishi yale ninayoyarudia kila siku dirishani, nikiamini kwamba anayelalamika anaupenda mji huu kama ninavyoupenda mimi.

Mgeni anayekuja Kigoma hana safari ya moja kwa moja hadi msituni. Hifadhi ya Taifa ya Gombe haina barabara ya gari, hufikiwa kwa boti. Mahale nayo, kusini huko chini ya mlima Nkungwe wenye mita 2,462, watu wengi huiendea kwa maji au kwa ndege ndogo. Kwa hiyo mtu aliyesoma habari za sokwe tangu mtafiti Jane Goodall alipoteremka Gombe mwezi Julai 1960, akaweka akiba miaka kadhaa ili naye awaone, kwanza atashuka stesheni au uwanja wa ndege, atapanda bajaji, atapita eneo la Mwanga mjini, atanunua maji dukani, atalala usiku mmoja, kisha asubuhi atateremka kwenye boti. Akitaka kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, atakwenda Ujiji na kupita katikati ya makazi ya watu. Akitaka kuiona MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuja kuunganishwa hapahapa Kigoma, atapita bandarini. Ukiacha anayeruka moja kwa moja hadi Mahale, hakuna anayefikia vivutio vyetu bila kupita mbele ya mlango wa mkazi.

Nimesema haya kwa sababu ya kauli ninayoisikia sana: "Utalii ni mambo ya TANAPA." TANAPA wanasimamia hifadhi. Hawasimamii mtaro wa Mwanga, wala choo cha gesti, wala ganda la muwa lililotupwa na abiria wa daladala. Mgeni akilala usiku mmoja tu kisha akakimbia, pesa ya usiku wa pili iliyopotea ilikuwa ya mama anayekaanga migebuka, ya muuza vitenge na ya kijana wa bajaji.

Sasa niingie kwenye taka, maana hapo ndipo penye kutoelewana kukubwa.

Mji wetu umekaa kwenye vilima na wote unainamia ziwani. Mvua ikinyesha Gungu au Mwanga, maji yanashuka na kila kilichomo njiani: mchanga wa kiwanja kilichofyekwa, chupa, nepi, na vitu vingine nisivyopenda kuviandika. Kinachoingia Ziwa Tanganyika hakina haraka ya kuondoka. Ziwa hili lina kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi hupungua kwa kugeuka mvuke. Mvuke haubebi chupa. Mchanga nao una madhara ambayo watu hawayaoni: hushuka na kufunika miamba ya kando ya ziwa, mahali wanapoishi na kuzaliana samaki wadogo wa rangi ambao wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Wapo wageni wanaosafiri kutoka mbali kuja kupiga mbizi kwa ajili ya samaki hao, kwa sababu maji yetu ni maangavu. Kiwanja kinachochimbwa mlimani bila kuzuia udongo kinayatia tope maji yaleyale.

Wakazi wengi huniambia, "Mimi nalipa ada ya taka." Vizuri, na asante. Ada hiyo inagharamia kuzoa na kusafirisha taka kutoka mahali palipopangwa hadi dampo. Haikupi ruhusa ya kuziacha barabarani usiku, kumtuma mtoto akazimwage korongoni, wala kuzichoma mbele ya jirani mwenye pumu. Mtaro unaopita mbele ya nyumba au biashara yako, wewe ndiye wa kwanza kuuangalia. Ukiwa umebomoka au umejaa mchanga kiasi kwamba koleo halitoshi, toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa, naye ataipeleka panapohusika, iwe TARURA kwa barabara za mitaa au TANROADS kwa barabara kuu. Lakini mtaro uliozibwa na maganda ya ndizi ya duka lako, tafadhali, usituandikie barua.

Nieleze na utaratibu wa adhabu, kwa kuwa umezungukwa na uvumi. Afisa afya akikuta uchafu kwenye eneo lako, kwa kawaida hukupa notisi ya maandishi. Notisi hiyo hutaja kosa, hutaja unachotakiwa kufanya na muda wa kukifanya. Muda ukiisha hurudi kukagua. Ukiwa umetekeleza, jambo limekwisha na hudaiwi chochote. Ukiwa hujatekeleza, unazo njia mbili. Ya kwanza ni kufifilisha kosa: unakiri kwa maandishi kwenye fomu, unatozwa faini isiyozidi kiwango cha sheria ndogo, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali na unapewa stakabadhi. Hapo shauri limefungwa. Ya pili ni mahakama: kama hukubali kosa, hakuna anayeweza kukulazimisha ukiri, unafikishwa mahakamani na hakimu ataamua. Katika njia zote mbili, hakuna mahali fedha taslimu inapopita mkononi mwa afisa. Anayekuomba "ya maji" ili aichane notisi, mripoti kwa mkurugenzi au TAKUKURU. Na wewe unayeitoa hiyo ya maji kisha ukaja kulalamika kwamba manispaa inakula rushwa, umeshiriki kosa lilelile.

Kuhusu mifuko ya plastiki nilidhani tulishamaliza, kumbe bado. Katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019. Anayekutwa akiwa na mfuko wa kubebea au akiutumia, faini yake ni kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Anayeuza ni kati ya shilingi 100,000 na 500,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Wanaoagiza na kuzalisha adhabu zao ni za mamilioni. Mifuko hii bado inaonekana masokoni, na vile vifungashio vyepesi vya kuwekea karanga vimegeuzwa kuwa mifuko ya kubebea dagaa. Wewe unayevuka ziwa kwa boti kutoka nchi jirani, mfuko ulioruhusiwa huko haupati ruhusa kwa kuwa umefika nao kwenye gati la boti la Kibirizi.

Jambo la pili ni mwambao. Hapa naomba nisomwe polepole.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ukuta wa tofali ni shughuli ya kudumu. Choo cha shimo ni shughuli ya kudumu. Mgahawa wenye sakafu ya zege ni shughuli ya kudumu hata kama paa lake ni la nyasi. Hoja ninazopewa nimezizoea. "Nilinunua kwa mwenyekiti." Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa inathibitisha kwamba watu wawili waliuziana mbele ya mashahidi, haigeuki kuwa kibali cha ujenzi hata ikigongwa mihuri kumi. "Jirani amejenga." Jirani naye atafikiwa. "Ziwa liko mbali na kwangu."

Hii ya mwisho ndiyo inayoniumiza, kwa sababu wenyeji wa Kigoma ndio wanaopaswa kuijua tabia ya ziwa kuliko mtu yeyote. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka. Karne ya 19 lilijaa hadi likafungua njia kwenye Lukuga, kisha likashuka kwa mita kadhaa, na ndiyo maana leo ukisimama penye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji unaliona ziwa kwa mbali. Miaka ya karibuni limepanda tena. Tumeona nyumba zikizingirwa na maji, miembe na michikichi ikisimama majini, na watu wakihamisha vitanda kwa mitumbwi. Niliingia katika baadhi ya nyumba hizo nikiwa nimevaa mabuti. Nilikuta shimo la choo na kisima vimekuwa maji ya aina moja, na watoto wanachota humo. Hiyo ndiyo kazi ya zile mita 60. Wanaodhani ziliwekwa ili mtu fulani mkubwa aje ajenge hoteli, waelewe kwamba sheria haibagui, na hoteli nayo ina mita zake 60.

Kwa anayetaka kujenga, mwambaoni nje ya mita 60 au popote ndani ya manispaa, kibali huombwa kwa mfumo wa mtandaoni uitwao Tausi. Utahitaji uthibitisho wa umiliki wa kiwanja na michoro ya jengo. Maombi hupitiwa na mipangomiji, ardhi, uhandisi na afya, na kiwanja hukaguliwa. Mimi hukagua choo kitakaa wapi na maji ya mvua yatatokea wapi. Usichimbe msingi huku unasubiri. Ukiwekewa alama ya X, maana yake ni simamisha kazi ufike ofisini na nyaraka zako. Wapo wanaoifuta usiku kwa chokaa na kuendelea. Kufuta X hakufuti kosa, na gharama za kubomoa zinaweza kudaiwa kwa mwenye jengo.

Kuhusu vyoo sitaficha maneno. Kutapisha choo wakati wa mvua, yaani kukiachia kinyesi kitoke na maji, ni kosa la jinai na ni kumlisha jirani kinyesi. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kaskazini mwa Gombe, kipindupindu kililipuka pale ufukweni na kikaua watu. Liemba ndiyo iliyowasafirisha watu wale hadi Kigoma. Waliokuwa kazini wakati ule hawahitaji kuelezwa uhusiano wa choo, ziwa na kaburi. Choo kikijaa, liite gari la majitaka, na kama gari haliwezi kufika kwa sababu ya mlima, fika ofisi ya kata tushauriane kabla mvua haijaanza.

Wenye gesti na hoteli wanafahamu wajibu wao wa leseni, kitabu cha wageni na ushuru, sina haja ya kurudia. Niongeze tu kwamba mashuka safi hayamsaidii mgeni aliyeamshwa na moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya dirisha lake. Vijana mnaowapokea wageni stesheni na Kibirizi, kuongoza watalii ni kazi yenye leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na maafisa utalii watawaelekeza vizuri kuliko mimi. Bei ya bajaji mtajie mgeni kabla hajapanda. Ni jambo dogo, lakini malalamiko yake huletwa kwetu kila kiangazi.

Kuna mtaa mmoja, sitautaja kwa kuwa wenyewe hawakuniomba, ambao miaka miwili iliyopita ulikuwa kwenye orodha yetu mbaya. Akina mama wa pale walianza na jambo moja: taka zitoke nje asubuhi ya siku ya gari, na siyo usiku wa kuamkia. Mbwa wakakosa cha kuchambua, mtaro ukabaki wazi, na masika iliyofuata maji hayakuingia nyumba hata moja upande wa chini. Hatukuwapa fedha yoyote. Tuliwapa ratiba ya gari na namba ya afisa afya wa kata. Ratiba hiyo iko kwa kila mtendaji wa mtaa, na mkazi ana haki ya kuiomba na kuipiga picha. Gari lisipopita siku yake, andika tarehe na saa, mpelekee mtendaji, na nakala iletwe kwa afisa afya wa kata. Malalamiko yenye tarehe tunaweza kumbana nayo mkandarasi. "Hawaji kabisa" hatuwezi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, kama ilivyo nchi nzima, na maduka hufunguliwa usafi ukishakamilika. Mwezi huu kikosi chetu kitaanzia Kibirizi kuelekea stesheni. Koleo na reki tutakuja nazo chache, kwa hiyo mwenye zake aje nazo, na wenye mikokoteni wafike mapema, kwa sababu mchanga ulioshuka na mvua za mwisho umejaa mtaroni na hautatoka kwa mikono mitupu.